Dawa za VVU: TLD au ile ya zamani yenye efavirenz? Mi nimeanza na TLD
Jamani mi nimeanza dawa za VVU mwaka jana hapa Dar, CTC (kliniki ya wenye VVU) ya serikali, bure kabisa, na kilichonipa wasiwasi ni nianze na ipi maana dada yangu alianza zamani na ile yenye efavirenz, anameza usiku na bado anaamka kichwa kinazunguka, ndoto za kutisha mpaka analia usingizini. Mimi nikapewa TLD, kidonge kimoja kwa siku, ndani kuna tenofovir mg 300, lamivudine mg 300 na dolutegravir mg 50. Kizunguzungu sijakiona. Wiki 2 za kwanza usingizi uligoma, nesi akaniambia hamishia asubuhi, nikawa nameza na chai, ukarudi. Kilo zimeongezeka kweli, gauni la kitenge zipu haipandi, hilo mjue mapema.

Ila semeni kila dawa mnayotumia! Mi nilikuwa nameza za kiungulia, zile zenye magnesium au aluminium, pamoja na TLD, kumbe zinaizuia isiingie vizuri mwilini, TLD inatangulia, masaa 2 baadae ndo hizo. Na mwenye TB anayetumia rifampisini huongezewa dolutegravir nyingine ya jioni, usinyamaze. Foleni ilinichosha sana, lakini kipimo cha miezi 6 virusi havionekani, nililia pale pale dirishani.