Sarria hadi Santiago: tathmini ya kilomita 115 za mwisho za Njia ya Mtakatifu Yakobo

Asiye na mwezi mzima wa kutembea njia hii ya hija kutoka mpaka wa Ufaransa hadi mji wa Santiago de Compostela huanzia Sarria, mji mdogo wa Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania. Sababu yake ni kanuni. Cheti cha hija kiitwacho Compostela hutolewa kwa aliyetembea angalau kilomita 100 za mwisho, au kilomita 200 kwa baiskeli, na Sarria iko kilomita kama 115 kutoka kanisa kuu la Santiago. Kipande hiki kina huduma nyingi kuliko vyote njiani, na kwa anayehiji mara ya kwanza tunakipendekeza bila kusita. Tunachokipinga ni ile ratiba ya siku tano inayouzwa kila mahali.

Tazama inavyogawanywa: Portomarín kilomita 22, Palas de Rei 25, Arzúa 29, O Pedrouzo 19, Santiago 20. Siku ndefu kuliko zote imewekwa ya tatu, wakati nyayo zimeshaanza kuchubuka na misuli ya mapaja bado haijazoea. Tena siku hiyo njia haitulii, inashuka kila bonde lenye kijito na kupanda upande wa pili, hadi ule mpando wa mwisho kutoka Ribadiso kuingia Arzúa unaowavunja watu nguvu. Ongeza siku moja, ulale Melide. Siku ya tatu inabaki kilomita 15, ya nne 14, na mchana wa Melide unamla pweza kwa raha.

Pweza huyo anastahili mtu asimame kwa ajili yake. Anachemshwa mzima kwenye sufuria kubwa, kisha mikono yake inakatwa kwa mkasi vipande vinene juu ya sahani ya mbao, ikamiminiwa mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na paprika. Ndimu hakuna, na analiwa kwa kijiti pamoja na mkate. Mtu wa Forodhani au Lamu aliyezoea pweza wa kuchoma au wa nazi atashangaa alivyo laini.

Malazi ni ya aina mbili. Hosteli za serikali ya Galicia hutoza takriban euro 10, hazipokei oda, hufunguliwa saa saba mchana, na unalala usiku mmoja tu. Unapewa shuka na foronya za karatasi, lakini blanketi usilitegemee, kwa hiyo beba mfuko mwepesi wa kulalia. Jiko lipo, ila mara nyingi halina sufuria wala vijiko. Hosteli binafsi ni ghali zaidi kidogo, zinapokea oda, na ndizo salama kwako ukienda Julai au Agosti, maana Sarria ndiko wanakoanzia mahujaji wengi kuliko mahali pengine popote. Mei na Septemba ni miezi bora. Kwa msimu wowote, inua kona za godoro ukague kunguni kabla ya kuweka begi kitandani.

Kijitabu cha hija, ambacho mihuri yake ndiyo ushahidi wako wa kupata Compostela, kinanunuliwa kwa euro chache, hata Sarria kwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokwama: kigongwe mihuri angalau miwili kila siku. Muhuri wa hosteli peke yake hautoshi, gonga mwingine kanisani au mkahawani, na uandike tarehe.

Huduma ya kusafirishiwa begi inafanya kazi vizuri. Unajaza bahasha, unaweka pesa, unaifunga kwenye begi na kuliacha mapokezi asubuhi. Mchana unalikuta mbele. Gharama ni euro chache kwa siku. Kosa la kawaida ni kulituma kwenye hosteli ya serikali, ambako halipokelewi. Litume kwenye hosteli binafsi uliyoweka oda.

Kupotea ni vigumu. Mishale ya njano, iliyoanza kuchorwa miaka ya 1980 na Elías Valiña, padri wa kijiji cha O Cebreiro, ipo kila njia panda, pamoja na nguzo za mawe zenye kilomita zilizobaki. Adui ni maji. Galicia ina mvua mwaka mzima, na soksi mbichi ndiyo mama wa malengelenge: ngozi inalainika, inasuguliwa, inavimba. Paka vaselini kabla ya kuvaa, tumia soksi za sufu, beba jozi kavu ubadilishe katikati ya siku. Viatu viwe vimeshavaliwa wiki kadhaa, vikubwa kwa nusu saizi, la sivyo mteremko mkali wa kuingia Portomarín utazipiga kucha za vidole gumba. Mji huo wenyewe ulihamishiwa mlimani bwawa la Belesar lilipofunika ule wa zamani katika miaka ya 1960, na kanisa likabomolewa na kujengwa upya jiwe kwa jiwe.

Baada ya Arzúa ni misitu ya mikaratusi, yenye kivuli na harufu nzuri, kisha uwanja wa ndege, kijiji cha Lavacolla, na kilima cha Monte do Gozo unakoiona minara ya kanisa kuu kwa mara ya kwanza. Kilomita tano zilizobaki ni lami na mataa ya barabarani.

Ukifika Santiago, anzia ofisi ya mahujaji, mtaa wa Carretas. Jisajili mtandaoni kwa simu yako, chukua namba, usubiri. Compostela ni bure. Cheti cha umbali kinalipiwa. Begi kubwa haliingii kanisani, lihifadhi kwanza. Kile chetezo kikubwa cha kilo 53, Botafumeiro, hakirushwi kila misa, basi usipange safari kwa ajili yake.

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki, visa ya Schengen ndiyo ya kuanza nayo. Na mwaka 2027 ni Mwaka Mtakatifu, kwa kuwa Julai 25, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, itaangukia Jumapili: vitanda vitagombewa, hivyo weka oda miezi mingi kabla.