Maswali 36 ya Arthur Aron: Yanafaa kwa Wawili Wasiojuana, Si kwa Kila Baraza

Orodha ya maswali 36 iliyotungwa na mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake, ikachapishwa mwaka 1997, inapatikana bure mtandaoni. Wengi wameijua kupitia makala ya gazeti la New York Times ya Januari 2015 iliyoihusisha na mapenzi, na sifa hiyo imeiponza, kwani lengo la watafiti lilikuwa la kiasi zaidi: kuona kama watu wawili wasiojuana wanaweza kujenga ukaribu ndani ya dakika 45 wakipewa maswali yanayozidi kugusa mambo ya ndani hatua kwa hatua. Naipima hapa kwa kipimo hicho, baada ya kuitumia katika vikao vya watu waliokutana kwa mara ya kwanza jijini Dar es Salaam.

Ubora wake mkubwa ni mpangilio. Maswali yamegawanywa katika mafungu matatu ya maswali 12, na kila swali hujibiwa na wote wawili kabla ya kuendelea, hivyo hakuna anayebaki muulizaji huku mwenzake akihojiwa kama yuko kituo cha polisi. Fungu la kwanza linaonekana jepesi, lakini limetungwa kwa ustadi. Swali la nne linauliza kama huwa unajizoeza maneno kabla ya kupiga simu. Fundi magari mmoja alicheka na kukana kabisa, kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba kwa mwenye nyumba wake hufanya hivyo, tena kwa sauti, akiwa amejifungia chooni ili watoto wasisikie kwamba kodi imechelewa. Aliyeketi naye, ambaye hata jina lake alikuwa bado analikosea, akaanza kueleza madeni yake mwenyewe. Swali la wazi kuhusu fedha lisingewafikisha hapo, kwa sababu mtu akiulizwa hali ya mfuko wake na asiyemjua hujibu kwamba anamshukuru Mungu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Swali la 11, linalomtaka kila mmoja asimulie maisha yake kwa dakika nne kwa undani kadiri awezavyo, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Watu wa kwetu huanza na wazazi na kijiji, na mara nyingi muda huisha kabla msimuliaji hajafika darasa la kwanza. Anayemsikiliza hubaki na hamu ya kuuliza yaliyofuata, na hamu hiyo ndiyo inayotakiwa.

Kasoro huanza mwishoni mwa fungu la pili. Swali la 24 linataka ueleze unavyojisikia kuhusu uhusiano wako na mama yako, na wengi hulijibu kwa maneno matatu, “mama ni mama”, wakafunga mlango. Swali la 35 ni zito zaidi, kwani linauliza ni kifo cha nani katika familia kitakachokuumiza kuliko vyote. Utafiti ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani, ambao pengine walilichukua kama swali la kufikirika tu. Mbele ya mtu aliyelelewa kuogopa uchuro, kumtaka amtaje ndugu aliye hai katika sentensi hiyo ni kumwudhi bure, na mimi huliruka bila kuomba radhi. Swali la mwisho, la kueleza tatizo lako na kumwomba mwenzako ushauri, linatufaa sana, maana hata aliye mgumu wa kujieleza hana shida kutoa ushauri.

Ningeipendekeza kwa watu wawili wa rika linalokaribiana. Mkwe na mkwewe wasiiguse, na kundi la watu sita litaigeuza kuwa mkutano. Zile dakika 45 hazitoshi kwa wazungumzaji wetu, kwa hiyo tengeni saa moja na nusu, na mchapishe maswali kwenye karatasi, kwa kuwa anayesoma kwenye simu hujikuta anajibu ujumbe wa watu wengine.