Iafoni za Kuziba Sikio au Hedifoni Kubwa: Kipi Kinunuliwe Kwanza, na kwa Shilingi Ngapi

Mtu anayetafuta kifaa cha kusikilizia muziki katika maduka ya Mwanjelwa au Kabwe hapa Mbeya huonyeshwa vitu vya aina mbili vilivyotundikwa ukuta mmoja. Kuna iafoni zinazoingia ndani ya mfereji wa sikio na kuuziba, ambazo wanamuziki huziita monita za masikioni, na kuna hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote. Kwa kuwa kazi yangu ni kurekodi kwaya, huulizwa kila mara ni aina ipi yenye sauti bora, na jibu langu hutegemea kwanza fedha iliyopo mfukoni. Chini ya shilingi laki moja na nusu, iafoni nzuri ya waya huishinda hedifoni kubwa karibu kila mara. Kuanzia laki mbili na nusu, hedifoni kubwa huanza kustahili bei yake, na anayerekodi hana budi kuwa nayo.

Sababu ni hewa. Iafoni ikiziba sikio barabara, hewa inayobaki kati yake na ngoma ya sikio ni kidogo sana, hivyo spika ndogo ya milimita 10 tu hutosha kuisukuma na kutoa besi nzito hadi karibu na herzi 20, ambao ndio mwisho wa chini wa usikivu wa binadamu. Hedifoni kubwa ina kazi ngumu zaidi, kwa maana hewa iliyo chini ya mto wake ni nyingi na huvuja kwa urahisi kupitia nywele zilizosukwa, mikono ya miwani, mtandio, na hata kofia ya sufu ambayo watu wa Njombe na Makete hawaivui mwezi wa Juni na Julai. Mtengenezaji anayetaka kushinda uvujaji huo analazimika kutumia mito mizuri, fremu imara na spika kubwa zilizopimwa kwa uangalifu, na vitu hivyo vina gharama. Hedifoni kubwa ya bei ya chini hukosa kimojawapo au vyote, ndipo hufidiwa kwa besi iliyopandishwa kupita kiasi.

Bei nitakazozitaja ni za soko la dunia kwa dola, nami nimezigeuza kwa shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi. Mnunuzi aongeze usafirishaji na kodi, ikiwemo VAT ya asilimia 18, na afuate kiwango cha fedha cha siku anayonunua.

Nafasi ya kwanza naipa iafoni ya waya ya takriban dola 20, yaani shilingi 50,000. Mwaka 2022 ulileta mabadiliko makubwa katika daraja hili, kwani ndipo zilipotoka Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zote kwa bei hiyo, zikiwa na mizania ya sauti ambayo zamani mtu aliitafuta kwenye vifaa vya bei mara kadhaa zaidi. Sauti ya mwimbaji husikika mbele bila ukali, besi hukaa mahali pake bila kuimeza sauti ya tenori, na kinanda hakichanganyikani na gitaa. Kati ya hizo mbili ningechagua Salnotes Zero, kwa sababu waya wake hutoka na kubadilishwa, ilhali wa Chu ya kwanza umeungwa moja kwa moja. Na waya ndio hufa kwanza, hasa pale unapoingia kwenye pini. Mwenye shilingi 125,000 anaweza kupanda hadi Truthear Zero, yenye spika mbili kila upande, moja ikishughulikia besi peke yake. Tofauti yake inasikika, ingawa nasema kwa moyo wote kwamba hatua kutoka iafoni za mezani barabarani hadi ile ya shilingi 50,000 ni kubwa kuliko hatua inayofuata.

Hata hivyo, sifa zote hizo hupotea raba, yaani ncha laini ya iafoni inayoingia sikioni, isipoziba. Ndani ya boksi huwa kuna raba za ukubwa tofauti, na watu wengi huvaa zilizokuja zimevalishwa kiwandani bila kujaribu nyingine. Weka wimbo wenye besi, kisha isukume iafoni polepole kwa kidole. Besi ikiongezeka, raba ni ndogo mno au haikukaa vizuri. Sikio la kulia na la kushoto la mtu mmoja si lazima yalingane, kwa hiyo si kosa kuvaa raba mbili zisizo sawa. Nimewahi kumwona mwalimu wa kwaya akiikataa iafoni kwamba sauti yake ni nyembamba kama ya redio ya mfukoni, na alipobadilisha raba alikaa kimya akaurudia wimbo uleule mara tatu.

Kuziba huko kuna faida nyingine kwa msafiri. Safari ya basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na muda wote injini hunguruma kwa sauti nzito inayofunika besi ya muziki, na kwenye mlima wa Kitonga huzidi. Mwenye kifaa kisichozuia kelele hupandisha sauti bila kujua amefika wapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki bila kujihatarisha, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, na 89 ni saa 5 tu, ambazo ni pungufu ya safari moja ya kwenda Dar. Iafoni iliyoziba vizuri hukuruhusu kusikiliza kwa sauti ya chini, na kwangu hiyo ni sababu yenye uzito sawa na uzuri wa sauti yenyewe.

Nafasi ya pili ni hedifoni kubwa iliyofungwa nyuma, ya takriban dola 100 au shilingi 250,000. Kwa mwenye studio, fundi mitambo wa kanisa au mtangazaji wa redio, hii ndiyo ya kwanza. Sony MDR-7506 imekuwa sokoni tangu mwaka 1991 na ingali inatumika katika studio duniani kote, kwa sababu inaonyesha makosa: pumzi ya mwimbaji, mlio wa waya mbovu, neno lililokatwa mwishoni. Haibembelezi sikio, na anayetaka kupumzika jioni huenda akaiona kali kidogo katika sauti za juu. Mpinzani wake ni Audio-Technica ATH-M40x, iliyo tulivu zaidi kwa kusikiliza muda mrefu na yenye waya unaotoka, huku waya wa Sony ukiwa haubadilishwi bila kuchomea. Ninachokipenda katika hedifoni za aina hii ni nafasi. Kwa kuwa sauti hupita kwanza kwenye kikombe cha nje cha sikio, kwaya ya sauti nne husikika imejipanga, soprano huku na besi kule, wakati iafoni huiweka kwaya nzima ndani ya fuvu. Mwimbaji anayerekodi anaweza pia kusogeza upande mmoja nyuma ya sikio ili awasikie wenzake.

Mwaka mmoja nilichanganya nyimbo sita za kwaya kwa hedifoni kubwa ya bei nafuu iliyojaa besi, nami kwa kuwa besi ilinizidi masikioni nikaipunguza kwenye miksa. Nyimbo zilipopigwa kwenye spika za kanisani wazee wa sauti ya nne, yaani besi, hawakusikika kabisa, na kazi ikarudiwa kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo siikadirii sauti kwa kifaa kinachonifurahisha.

Ya tatu ni monita ya jukwaani, mfano Shure SE215, nayo takriban dola 100. Waya wake hupita juu ya sikio na kushuka nyuma ya shingo, hukaa imara mpiga gitaa anapocheza, na kampuni inasema inazuia kelele hadi desibeli 37. Kwa sauti peke yake haizidi iafoni ya shilingi 125,000. Unalipia uimara na ukimya, kwa hiyo asiyepanda jukwaani asiinunue.

Ya nne ni hedifoni iliyo wazi nyuma, kama Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997. Hakuna kifaa katika orodha hii chenye sauti ya kweli na pana kama hiyo, lakini hugharimu dola 300 na zaidi, ina ukinzani wa omu 300 ambao simu nyingi hazina nguvu ya kuuendesha ipasavyo, hivyo inahitaji amplifaya, na sauti yake huvuja nje hadi kuingia kwenye maikrofoni. Ni ya mtu mwenye chumba kimya na takriban shilingi milioni moja.

Nafasi ya mwisho naiwekea hedifoni kubwa ya Bluetooth ya bei ya chini, hasa inayobeba jina kubwa kwa bei isiyolingana na jina hilo. Fedha yako imegawanywa kwa betri, redio na plastiki, na spika imepata kilichobaki. Tena sauti ya Bluetooth huchelewa, mara nyingi kwa kiasi cha sehemu ya tano ya sekunde, jambo ambalo halikusumbui ukisikiliza wimbo lakini haliwezekani ukipiga kinanda au ukirekodi.

Kabla ya kulipa, hakikisha simu yako ina tundu la pini ya milimita 3.5, kama haina, tenga fedha ya adapta ya USB-C. Nenda dukani na wimbo unaoujua neno kwa neno, usikubali ule wa muuzaji. Hedifoni ivae dakika kumi nzima, pamoja na kofia au miwani unayovaa kila siku, kwa sababu mto unaobana kichwa hautalegea kwa maneno ya muuzaji. Iafoni wauzaji wengi hawaruhusu kujaribiwa kwa sababu za usafi, na wana haki. Mwombe basi akufungulie boksi mbele yako, uhesabu jozi za raba, uchomoe waya na kuurudisha, kisha muulize kama raba za akiba zinapatikana hapohapo au zinaagizwa Kariakoo.