Kuchambua wimbo au kukaa na wanaousikiliza?

Ukitaka kujua ohangla, muziki wa Waluo wa Kenya, inamchora vipi mwanamke, njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuchambua maneno: nani anasifiwa, nani anakemewa. Ni ya haraka, na wimbo unaweza kuurudia hata mara kumi. Ya pili ni kushinda na wasikilizaji. Nilikaa soko la Kibuye, Kisumu, kando ya mama muuza omena (dagaa). Redio ilipomtaja mke mvivu, aliweka chini gorogoro, kopo lake la kupimia, akauimba ubeti upya, safari hii ukimsema mume. Maneno kwenye karatasi yasingenionyesha hilo! Stuart Hall, mwanazuoni wa utamaduni na vyombo vya habari, akiandika kuhusu televisheni mwaka 1973, alieleza kwamba mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe ulivyo, kuukubali nusunusu au kuupinga. Naichagua ya pili, ingawa inakula siku nyingi.