La Jetée: tivii haijaganda, wadau

Wadau wangu, mambo vipi? Leo narekodia sebuleni kwa mama mdogo, hapa Majengo, Moshi. Mkisikia bodaboda zinapita, nivumilieni.

Filamu ya leo ina dakika 28 tu. La Jetée, ya Mfaransa Chris Marker, mwaka 1962, nyeusi na nyeupe. Ni habari ya kusafiri kwenye wakati, ila ukisubiri mashine yenye mataa utasubiri sana. Paris imeteketea kwenye Vita vya Tatu vya Dunia, waliobaki wamejificha chini ya ardhi. Mfungwa mmoja analazwa, anazibwa macho, anachomwa sindano, anarudishwa zamani. Kwa nini yeye? Kuna sura ya mwanamke aliyoiona utotoni, uwanja wa ndege wa Orly, na mpaka leo haijamtoka kichwani.

Sasa kasheshe: karibu filamu yote ni picha mnato. Mama mdogo alivumilia dakika mbili, akaniuliza, "Baba, tivii imeganda?" Haijaganda, mama.

Chukua albamu ya bibi yangu. Kuna picha ya babu kashika mlango wa Land Rover, mguu mmoja juu. Alikuwa anapanda au anashuka? Picha haisemi. Bibi anasema anapanda, mjomba anabisha, na kila mmoja ana hadithi yake nzima. Marker anakufanyia hivyo hivyo. Yule mfungwa akirudi zamani hakuti siku kamili, anakuta vipande: chumba, makaburi, uso unaocheka. Katikati unajaza mwenyewe.

Kinachosogeza mambo ni sauti. Mapigo ya moyo, watu wanaonong'ona Kijerumani, na msimulizi mmoja anayebeba kila kitu. Aliyekulia kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, ataelewa haraka: sauti moja, filamu nzima! Na hapa mtafsiri wetu wa kibandani, yule anayeingiza Kiswahili juu ya filamu, angestarehe, hakuna midomo ya kukimbizana nayo.

Halafu kuna kile kipande. Mwanamke amelala kitandani. Picha zinayeyukiana, shingo, shavu, nywele, ndege wanalia, wanazidi kulia. Ghafla anafumbua macho. Anapepesa! Ni sekunde chache tu, na ndipo pekee watu wanapojongea. Mimi nilishtuka kama nimeshikwa bega.

Sehemu ambayo mfungwa anapelekwa wakati ujao haikunikuna, nyuso zinaelea gizani tu, inapita. Terry Gilliam aliichukua hadithi hii akatengeneza 12 Monkeys mwaka 1995, nzuri, yenye mbio nyingi. Mwisho wa hii sisemi.

Ushauri: kama Kiingereza kinapanda, tafuta yenye msimulizi wa Kiingereza. Ukisoma maandishi ya chini unazikosa picha, na picha ndizo filamu.

Mama mdogo? Alikuwa anachambua mchicha, macho chini. Kile kipande kikampita. Akasikia nimeguna, akasema, "Hebu rudisha." Nikarudisha. Akatazama, kisu mkononi. "Kumbe yuko hai," akasema. "Rudisha tena."