Waifai ya nyumba nzima, ila ukikanyaga ngazi simu inakata

Jamani, kabla hujampa hela mtu anayekwambia atakufungia waifai nyumba nzima, utembee chumba hadi chumba isikatike, soma kwanza yaliyonikuta. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mi nauza madera na vitenge. Duka liko nyumbani, Tabata, stoo chini, juu kuna chumba cha kupimia na kupigia picha, uani kuna banda la mafundi cherehani. Wateja wangu wengi hawaji dukani, tunaongea kwa vidio kol, yaani mtu yuko Mwanza au Muscat anataka aone kitambaa kinavyoanguka, aone rangi kwenye mwanga wa dirishani, aone fundi anavyokata shingo, kwa hiyo natoka stoo simu mkononi napanda juu nashuka naenda uani, kutwa nzima ndo kazi yangu. Rauta ya fiba iko chini na juu ilikuwa inafika kwa kubahatisha, kati hapo kuna zege na nondo zake. Ndo maana nikawatafuta wataalamu. Wakaja, wakapima, wakasema yanatakiwa maboksi matatu ya kurusha waifai, wenyewe wanayaita akses pointi, moja chini, moja juu, moja uani, na yote yavutiwe kebo. Nikalipa laki tisa na ushee pamoja na ufundi. Ilikuwa mwaka jana mwishoni mwishoni, msimu wenyewe wa biashara. Na yule fundi wao nilimwambia kwa mdomo wangu, kaka, mi natembea na simu, kukatika sitaki. Akanijibu dada ondoa shaka.

Basi. Ukikaa stoo, waifai inakimbia. Ukikaa juu inakimbia, uani hivyohivyo. Ila ukitoka huku kwenda kule, pale kwenye kona ya ngazi zinapogeuka, pale pale, picha ya mteja inaganda mdomo wazi, sauti inakuja vipande vipande, kile kiduara kinazunguka, halafu kimya. Unafika juu unasubiri, mara inarudi, mara hairudi mpaka uzime waifai uwashe tena. Na siyo mara moja moja, ilikuwa ndo kawaida.

Kuna atakayesema si unapiga tena, shida iko wapi. Ngoja nikwambie shida ilipo. Nina mteja wangu Muscat, mama mtu mzima, tumefanya biashara miaka, aliniomba nimpunguzie kwenye mzigo wa jumla, nikamwambia mama subiri nipande juu nikuoneshe yale mengine tuone tunafanyaje, nikakanyaga ngazi, ikakata. Nikapiga hakupokea, nikapiga tena hakupokea. Jioni ikaingia voisi noti, "mwanangu kama bei haishuki ungeniambia tu, kunikatia simu siyo adabu." Nililia jamani. Nimemwomba radhi, nimemweleza, nadhani amenielewa, lakini ule mzigo keshauchukua kwa mtu mwingine na sikuhizi akipiga anaongea kwa kifupi.

Nikawapigia waliofunga. Wakasema wanakuja, hawaji, kesho, keshokutwa, mpaka siku hiyo akaja yule yule fundi, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hili ndo limenifanya niandike. Hakupanda hata ngazi moja. Alisimama stoo, akafungua simu yake akapima spidi, akanigeuzia kioo, "ona mwenyewe, waifai ipo." Nikamwambia kaka tatizo siyo spidi, shika simu hii, piga kol, panda juu, utaona. Akakataa. Akasema simu yangu ndo mbovu, nibadilishe simu. Halafu akaongeza, mbele ya mafundi wangu na mbele ya mteja aliyekuwa anapima gauni, "kwani dada lazima utembee ukiwa unaongea na simu? Si ukae sehemu moja umalize maongezi yako?"

Nilikulipa laki tisa ili nikae sehemu moja? Kukaa sehemu moja si nilikuwa naweza na rauta yangu ya zamani! Hicho kitu kimoja nilichokuja kununua kwako ndo unaniambia nisikifanye, tena kwa sauti ya kumkanya mtoto. Na mpaka leo nikipita pale stoo aliposimama nakumbuka ule uso.

Nikapiga ofisini kwao, akapokea dada mmoja, huyo kwa kweli ana lugha nzuri, alinisikiliza mpaka mwisho na akanipa pole. Nikajua sasa nimepata mtu. Mwisho wa simu akasema kuja tena kuna gharama ya kutembelea. Nikakata mwenyewe, hiyo sikusingizia ngazi.

Aliyenisaidia ni kijana wa jirani, anashughulika na mitandao kwenye mahoteli, alikuja baada ya kazi kwa sababu tu alinisikia nikilalamika. Hakuanza na maneno. Alisema dada twende kwenye ngazi. Akawasha apu kwenye simu yake, na simu yake ni Android wakati yangu ni iPhone, inayoonesha umeshika boksi lipi na kwa nguvu kiasi gani. Ile namba ina alama ya kutoa mbele, ikizidi kushuka maana yake mawimbi yanakufa. Stoo ilisoma -50 na kitu. Ngazi za kwanza -66. Kwenye kona -78. Tukafika juu, boksi la juu liko ukutani hapo hapo nalishika kwa mkono, taa yake inawaka, na simu yake bado imelishika la chini, -84, inaling'ang'ania kama ruba. Akaniambia kwa sauti ya taratibu, dada simu yako haina tatizo, umeona na yangu inafanya hivyohivyo. Wallahi nilitaka nimpigie yule mwingine nimsikilizishe.

Alivyonieleza ni hivi, na nayaandika kwa sababu wengi mnauziwa haya maboksi bila kuambiwa. Anayeamua kuhama boksi moja kwenda jingine ni simu yenyewe, siyo boksi. Na simu haina haraka. Apple wenyewe wameandika kwamba iPhone inaanza kutafuta boksi jingine ikiona nguvu imeshuka chini ya -70, na kama uko katikati ya kol inataka hilo jipya lizidi la zamani kwa desibeli 8, ndo kipimo cha zile namba, ndo ihame. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kupanga mambo ili simu ione haraka kwamba pale ilipo pameisha na pengine ni pazuri zaidi, na ikihama ihame bila kuanza upya. Kufunga boksi ukutani na kuwasha taa hiyo siyo kazi, hata mimi naweza.

Sasa wangu walifanyaje? Kila boksi lilikuwa na jina lake la mtandao, la chini jina langu, la juu jina langu na JUU, la nyuma jina langu na UANI. Kwa simu hiyo ni mitandao mitatu isiyojuana, kwa hiyo haihami mpaka wa kwanza ufe kabisa. Si hivyo tu, kila boksi liliachwa linafanya kazi ya rauta, linagawa anwani zake lenyewe, yaani zile namba za kutambulisha simu kwenye mtandao, wanaziita IP, kwa hiyo simu hata ikihama inapewa anwani nyingine, na ile kol iliyokuwa inaendelea ilikuwa inapita kwenye anwani ya zamani, ndo maana inakwama au inakatika. Na yote matatu yalikuwa chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi, yanapigiana kelele, na nguvu imewekwa ya mwisho kabisa. Mi nilidhani nguvu nyingi ndo vizuri. Kijana akasema hapana, boksi likisukuma sana, mawimbi yake yanafika mpaka juu, simu inayasikia inadhani bado iko karibu, lakini simu yenyewe haina nguvu ya kujibu kutoka mbali namna ile, ndo unapata ile ya waifai ipo ila hakuna kinachoenda.

Na kurekebisha? Hakununua kitu. Narudia, hakununua kitu hata kimoja. Alikaa na laptopu kwenye kochi, akayapa yote jina moja, paswedi moja, ulinzi wa aina moja, akazima ule urauta kwenye maboksi yote matatu ili anwani zitoke sehemu moja tu, akayagawia chaneli 1, 6 na 11 ambazo haziingiliani, akapunguza nguvu, halafu akawasha kitu ambacho kilikuwepo kwenye setingi siku zote kimezimwa. Viko vitatu kumbe, kimoja kinafanya boksi liipe simu orodha ya majirani zake, cha pili linaishauri simu ihame, cha tatu kinaitwa 802.11r, kinafupisha kule kutambulishana upya simu inapohama. Na hicho cha tatu kimetoka 2008. Elfu mbili na nane! Siyo kitu cha jana kwamba fundi bado hajasikia, na kama hajasikia basi asichukue hela ya watu.

Tukapanda ngazi tena, mi niko kwenye kol na mdogo wangu yuko Morogoro, kijana anaangalia namba kwa simu yake. Kwenye kona -69, -72, halafu apu ikaonesha simu yake imehamia boksi la juu na namba ikaruka -51, na mdogo wangu anaendelea tu kunihadithia habari za shemeji, hajui kama kuna chochote kimetokea. Nilishuka nikapanda tena kuhakikisha.

Nisiwafiche, haijawa asilimia mia. Fundi wangu mmoja wa cherehani ana simu ya kizamani, baada ya hiyo 802.11r kuwashwa ikagoma kabisa kuingia, kijana akasema baadhi ya vifaa vya zamani haviielewi, akamfungulia jina jingine la mtandao pembeni, lisilokuwa na hiyo 802.11r. Na njia ya kwenda uani bado inasumbua, pale kwenye tangi la maji, kuna hatua kama tano hivi sauti inakwama. Kijana anasema maboksi yanatakiwa yafikiane kidogo, mawimbi ya hili yaguse ya lile kabla hili halijaisha, na pale kuna pengo, tangi limekaa katikati. Panahitaji boksi la nne. Hilo nalo wale waliopima hawakuliona, walipima nini sijui.

Sasa nisemeje. Nilianza kuandika nikitaka kusema msinunue kabisa haya maboksi, ila nikisema hivyo nitakuwa nadanganya, maboksi yenyewe ni mazuri, yanafanya kazi kama yalivyosifiwa, na kebo walivuta vizuri, safi, hazining'inii, hilo nawapa. Nilitaka niwape nyota mbili kwa ajili ya kebo. Halafu nakumbuka vifaa vilikuwa na uwezo wote huo tangu siku ya kwanza, ni setingi za jioni moja tu, na badala ya kuzigusa mtu akasimama mbele ya mteja wangu akaniuliza kwani lazima nitembee. Hapana. Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule dada wa simu, kama bado yupo maana na yeye sijui anavumiliaje pale.

Kama unafungiwa, usitoe hela ya mwisho kabla fundi hajapiga kol akapita nayo nyumba nzima na wewe uko pembeni unasikiliza. Akikuonesha spidi, mwambie spidi hujaiulizia. Muulize kama maboksi yote yana jina moja, muulize nani anagawa anwani. Akianza kukuangalia kwa dharau, mrudishie vifaa vyake.

Mi hela ya ufundi nimeidai, wanasema wanalishughulikia. Boksi la nne la pale tangini nitanunua la aina hiyohiyo, mwezi ujao Mungu akipenda, ila kwao sikanyagi, na atakayelifunga ni yule kijana.