Boksi la kadi za utafiti na utungaji: muhula mmoja na watoto 74

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nililinunua shilingi 45,000 kwenye steshenari moja mjini Tanga, mwezi wa kwanza, siku niliyokwenda kushughulikia mambo yangu ya benki. Mwenye duka alianzia 55,000. Hela ilitoka mfukoni mwangu, kwa hiyo nina haki ya kulalamika kwa raha zangu.

Ndani mna kadi 48, kiongozi cha mwalimu cha kurasa 32, bango moja la kubandika ukutani, na pedi ya vikaratasi ambayo nusura niitupe pamoja na nailoni yake. Juu wameandika kwamba ni kazi za utafiti na uandishi kwa darasa la nne hadi la sita. Mchapishaji simtaji. Ukilikuta dukani utalitambua.

Mimi nafundisha Kiswahili darasa la tano, shule ya serikali, wilayani Muheza. Watoto 74, chumba kimoja, kipindi dakika 40. Shikilia hizo namba, maana aliyetengeneza boksi hili hakuwa nazo kichwani. Kiongozi kinasema kila watoto wanne wapate kadi yao. Kadi zina rangi nne, na za kila rangi ni 12. Nikagawa darasa makundi 12, ya watoto sita sita na mawili ya saba. Mwalimu yeyote anajua kundi la watoto sita lilivyo: wawili wanaandika, mmoja anachora pembeni, watatu wanapigana mateke chini ya dawati.

Rangi zenyewe zimepangwa vizuri. Kijani ni za kuuliza, bluu za kutafuta, njano za kuandika, nyekundu za kuwasilisha. Mtoto anaona kabisa kwamba insha haianzi na kalamu. Hilo nimelipenda, na bango la ukutani linalieleza kwa picha bila maneno mengi.

Shida iko kwenye yaliyoandikwa. Kadi ya bluu namba 15 inamwambia mtoto, "Chukua noti unaposoma." Darasa zima likacheka. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, ya elfu tano au ya elfu kumi?" Sikuwa na la kujibu, nikacheka nao. Mtu kakaa mahali na maandishi ya Kizungu, akayageuza neno kwa neno, wala hakumsomea mtoto hata mmoja kabla ya kupeleka kiwandani. Angeandika "andika mambo muhimu kwa ufupi", yakaisha. Kadi nyingine inataka mtoto aende kwenye kompyuta ya darasa atafute habari za pengwini. Kompyuta tuliyonayo iko ofisini na inalindwa kuliko sanduku la fedha. Picha waliipenda, siwezi kusema uongo. Mmoja alidhani ni bata aliyevaa koti. Kadi sita za namna hiyo nimempa mwalimu wa awali, watoto wake wanazitumia kujifunza rangi.

Halafu kiongozi kina ukurasa wa majibu. Majibu ya utafiti! Kadi inasema, "Chunguza zao kuu la eneo lenu." Unafungua kiongozi, jibu: mahindi. Sisi hapa Muheza, wakati wa msimu, machungwa yamepangwa barabarani mpaka unakosa pa kukanyaga. Nilichana ukurasa huo mbele ya watoto, wakapiga makofi.

Sasa kwa nini basi silirudishi dukani? Kwa sababu ya kadi moja na ile pedi.

Kadi ya kijani namba 3 inasema: chagua kitu unachokiona kila siku njiani kuja shule, uandike maswali matano ambayo huna majibu yake. Makundi manne kati ya 12 yalichagua mkonge. Si ajabu, watoto wengi wanapita katikati ya mashamba yake asubuhi na jioni, na miiba yake wanaijua kwa miguu yao. Swali lililorudi kwenye karatasi karibu zote lilikuwa: mkonge ulitoka wapi?

Hapo ndipo pedi ilipoingia. Kila kikaratasi kina mistari minne. Nimepata kujua nini? Nani kakuambia? Yeye kajuaje? Nimuulize nani mwingine? Basi. Hakuna pambo, hakuna katuni. Sheria niliyoweka ni kwamba huandiki sentensi kwenye insha mpaka uwe na kikaratasi chake.

Baada ya siku mbili walirudi, na vita vikaanza. Binti mmoja alikuwa amemuuliza babu yake, aliyefanya kazi mashambani tangu ujana: mkonge kauleta Mjerumani. Kijana mwingine kaambiwa na kaka yake wa kidato cha tatu: umetoka Mexico. Wa tatu alikuwa na kitabu cha zamani cha baba yake, akasimama nacho kama wakili: umetoka Florida, Marekani. Kila mmoja alimwona mwenzake mwongo.

Kwa kawaida ningeandika jibu ubaoni, wakanakili, tukaendelea. Safari hii nikawaambia wasome mstari wa tatu. Yeye kajuaje? Babu: "Nilisikia kwa wazee kambini." Kaka: "Daftari la Jiografia." Kitabu ndicho kilichokuwa na jina na mwaka. Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani, 1893, miche 1,000 iliyotoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Na mimi nikatoa simu nikatafuta mbele yao. Tukakuta wote watatu wako sawa. Asili ya mmea ni Mexico, na huko, upande wa Yucatán, kuna bandari iitwayo Sisal, ndiyo Wazungu wakaupa mmea jina hilo. Kutoka huko ulifika Florida, na Mjerumani akauchukua Florida.

Yule binti alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo babu hakudanganya." Nikamwambia hakudanganya, ameanzia katikati tu.

Insha zilizotoka hapo sijapata kuzipata kwa miaka tisa ya kufundisha utungaji. Nimezoea "Siku moja nilipoamka asubuhi na mapema". Sasa kijana ambaye kwa kawaida huniandikia mistari minne na kuomba ruhusa ya kwenda chooni aliandika hivi: "Miche elfu moja ilipanda meli. Miche mia tisa thelathini na nane ilikufa njiani. Iliyobaki ndiyo ninapita katikati yake nikija shule." Ile hesabu ya kutoa kaifanya mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Nilimpa alama zote, halafu nikamdai kikaratasi cha sentensi ya tatu, kwa sababu mashamba mengi siku hizi yamepandwa chotara, H.11648, iliyotokana na utafiti wa kituo cha Mlingano, humu humu wilayani kwetu. Alirudi na kikaratasi na uso umenuna. Sentensi ameibakiza, ila ameongeza "au ndugu zake".

Kundi jingine lilikwenda korona kuuliza jani linatoa nini. Walirudi na hesabu kwamba kilo 100 za majani hutoa singa kama kilo 4, wakanisumbua wiki nzima wakitaka kujua zile kilo 96 zinakwenda wapi. Kwa wasio wa Tanga: korona ni mtambo wa kuchakata mkonge, jina tunalo tangu enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashambani, kabla ugonjwa haujalichukua. Mwalimu mwenzangu aliyehamia kutoka Mwanza alisoma kwenye daftari "babu yangu alikaa korona miaka ishirini", akaja ofisini mbio kuuliza mzee anaendeleaje.

Kadi za njano, zinazopaswa kuwa za uandishi wenyewe, ndizo dhaifu kuliko zote. "Andika utangulizi unaovutia." Vizuri, unafananaje? Mfano hakuna. Mtoto wa darasa la tano hawezi kuvutia kwa amri. Nilichofanya ni kusoma insha tatu za wenzao kwa sauti na kuuliza darasa sentensi ipi wameikumbuka. Nyekundu ni za kusimama mbele na kueleza, za kawaida tu, hazina ubaya.

Uimara: duni. Wanasema zimepigwa leminesheni, lakini ni kanailoni kembamba. Ukichanganya na mikono ya watoto waliotoka kumenya machungwa, kufikia mwezi wa tatu kona zote zilikuwa zimefunuka. Nimeziokoa kwa selotepu.

Na pedi, ambayo ndiyo roho ya boksi zima, ina vikaratasi 100 tu. Kwa darasa langu, kila mtoto kimoja kwa siku, ni siku moja na theluthi. Kopi kwetu ni shilingi 100, kwa hiyo kila mtoto akitumia kimoja tu ni 7,400. Nilitoa mara moja, nikaacha. Sasa maswali yale manne nimeyaandika kwa maka peni kwenye manila, nimebandika juu ya ubao, na watoto wanapiga mistari nyuma ya madaftari yao. Inafanya kazi ile ile.

Kwa hiyo, kama uko shule ya binafsi yenye watoto 25 na kompyuta, nunua, utalitumia lote isipokuwa ule ukurasa wa majibu. Kama uko kama mimi, changeni walimu watatu au wanne, boksi moja likae ofisini, tena mpunguziwe zaidi ya nilivyopunguziwa mimi. Kati ya nyota tano nalipatia tatu, na mbili kati ya hizo ni za pedi.

Mwezi uliopita nilipita tena pale dukani nikauliza kama wanauza pedi peke yake. Mwenye duka aliniangalia, akasema ile haina bei, ni nyongeza tu.